Programa na tabianchi: uanzie wapi kama unaishi huku kwetu

Programa wengi nnaoongea nao habari za tabianchi wanafika mahali wanakwama. Mtu anajua kabisa kwamba 2024 ndo mwaka uliokuwa na joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, na ndo wa kwanza kupita nyuzi 1.5 juu ya hali ya kabla ya viwanda, ameona mafuriko yalivyoua watu Mai Mahiu kule Kenya Aprili 2024, ameona Rufiji ilivyofurika msimu huohuo, alafu kesho yake asubuhi anafungua laptopu anaendelea na fomu ya kujisajili ya mteja wake. Anabaki anajiuliza, sasa mi na hizi kodi (code) zangu naingia wapi hapa? Hii nimemwandikia yeye, ni mambo ya kufanya kwa mikono, na nimeyapanga kwa uzito jinsi mi ninavyouona.

Kwanza jua uzito wako

Miongozo mingi ya namna hii ameandikiwa mtu anayeishi California au Berlin, ndo maana inaanza na punguza kupanda ndege, punguza nyama, hamishia seva kwenye umeme safi. Sio vibaya, ila angalia hesabu. Mtanzania wa kawaida hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe anayoitoa haifiki hata nusu tani kwa mwaka, wastani wa dunia ni kama tani 4.7, Mmarekani mmoja anapita tani 13. Ni kweli programa wa Masaki au Kilimani mwenye gari na AC hayuko kwenye huo wastani wa nusu tani, na ya seva nitayasema huko chini, lakini hata ukijibana vipi kwenye matumizi yako binafsi, dunia haitahisi kitu.

Ila kuna upande wa pili ambao we una nguvu kubwa kuliko programa wa Berlin. Mvua zinazokuja vibaya zinawanyeshea majirani zako, watu unaowajua kwa majina, unaongea lugha yao, unajua mvua ikinyesha usiku pale mtaani maji yanapita wapi. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linasema tahadhari ikimfikia mtu saa 24 kabla ya tukio inaweza kupunguza hasara kwa asilimia 30. Machi 2022 António Guterres alitangaza kwamba kila mtu duniani awe amefikiwa na tahadhari za mapema ifikapo 2027, na kipande kigumu zaidi cha hiyo kazi ni kile cha mwisho, yaani taarifa ipo kwenye kompyuta ya mamlaka lakini mama aliyeko mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inapofikia, hana. Hicho kipande ni kazi ya programa. Kwahiyo ushauri wangu anza hapo, mengine yafuate.

Tafuta mtu kwanza, appu baadae

Usianze kwa kuchagua freimwaki. Anza kwa kumtafuta mtu mmoja ambaye akijua hali ya hewa ya kesho atafanya kitu tofauti na ambacho angefanya. Nikupe mfano wa wauza dagaa wa Ziwa Victoria, tuseme Ukerewe. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, hasa siku za giza ambazo mwezi haupo, alfajiri mitumbwi inarudi, akinamama wananunua dagaa wabichi kwa ndoo wanaenda kuwaanika juani, mchangani au kwenye vichanja. Jua likiwaka vizuri siku moja inatosha. Mvua ikiwakuta wameanikwa wanaharibika, wengine wanaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa kuwa chakula cha kuku, na hela ya ndoo ndo imeshatoka hivyo.

Sasa ukikaa na huyo mama, umsalimie vizuri, usifike na tableti mkononi kama mtu wa sensa, muulize vitu vitatu tu. Shikamoo mama, huwa unaamua saa ngapi ununue ndoo ngapi? Ukijua jioni kwamba kesho mvua itanyesha, utafanya nini? Na simu yako ni ya aina gani, meseji unasoma mwenyewe au unasomewa na mjukuu? Majibu ya hayo maswali ndo muundo wa programu yako nzima. Ukijibiwa kwamba uamuzi unafanyika alfajiri mitumbwi inapofika, maana yake meseji inayoingia saa 2 asubuhi haina kazi, ndoo zimeshanunuliwa. Inatakiwa iwe imefika jioni, labda saa 1 usiku, na marekebisho yaje saa 10 alfajiri. Ukijibiwa kwamba hata akijua hana la kufanya kwasababu hana turubai wala banda, basi shida sio taarifa, shida ni turubai, na hapo kodi haisaidii, tafuteni turubai.

Na hapo ndo utagundua kitu cha msingi sana: kiwango cha mvua kinategemea unaongea na nani. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wakisema mvua kubwa wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24, hiyo ni mvua ya mafuriko, inamhusu mtu wa Jangwani au Mto Msimbazi pale Dar. Kwa mtu wa dagaa milimita 2 zinatosha kumharibia siku, na kwa mkulima anayesubiri kupanda hizo milimita 2 sio mvua kabisa. Data ni ileile moja ila kila mtu ana namba yake. Ndo maana appu moja ya hali ya hewa ya watu wote huwa haimsaidii mtu yeyote sana.

Data ipo na ni bure

Kwa kuanzia tumia Open-Meteo, huduma ya mtandaoni ya utabiri wa hali ya hewa. Haihitaji kujisajili wala ufunguo, kwa matumizi yasiyo ya biashara unaruhusiwa mpaka maombi 10,000 kwa siku, ambayo kwa mwalo mmoja huwezi kuyamaliza. Inachukua modeli za vituo vikubwa vya utabiri duniani inakupa kwa JSON. Ombi lenyewe ni hili:

https://api.open-meteo.com/v1/forecast?latitude=-2.12&longitude=33.05&hourly=precipitation,precipitation_probability,wind_gusts_10m&timezone=Africa/Dar_es_Salaam

Iangalie kwa makini kabla hujaikopi. Ile alama ya kutoa kwenye latitude ndo inayokuweka kusini mwa ikweta, ukiisahau unapata utabiri wa kaskazini mwa Uganda, maeneo ya Lira huko, na programu haitalalamika, itakuletea mvua za Lira kila siku na we unawatumia watu wa Ukerewe. Kitu cha pili ni timezone. Usipoiweka, majibu yanakuja kwa saa za GMT, na ukiomba jumla ya mvua ya siku basi siku yako itaanza saa 9 usiku iishie saa 9 usiku wa kesho yake, mvua ya usiku wa manane inahesabiwa kwenye siku iliyopita. Kwa ziwa hili hilo ni kosa kubwa, kwasababu Ziwa Victoria lina tabia yake: usiku upepo wa nchi kavu unakutana juu ya maji na mawingu ya radi yanajengeka ziwani, mchana inageuka, mvua inahamia nchi kavu alasiri. Yani saa ya mvua ni muhimu kama mvua yenyewe.

Tatu, saa. Kompyuta inakwambia 15:00, mtu wa mwaloni anasema saa 9 alasiri. Usimpe kazi ya kubadilisha. Chukua saa ya kompyuta jumlisha 6, gawa kwa 12, chukua kinachobaki, ukipata sifuri andika 12. Alafu ongeza neno la wakati, alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, maana saa 9 tupu inaweza kuwa ya usiku au ya alasiri na huyu mtu anapanga siku yake kwa hiyo meseji.

Modeli za dunia zinaigawa ardhi kwenye vijisanduku vya kilomita 9 mpaka 25 kutegemea na modeli gani, kwahiyo huwezi kumwambia mtu kwamba itanyesha kwenye mwalo huu na isinyeshe kwenye ule wa pili. Mvua za radi za ukanda wetu ndo ngumu zaidi kutabiri. Sema ukweli huo tangu siku ya kwanza.

Alafu kuna suala la nani anaruhusiwa kusema nini. Kutoa tahadhari ya hali mbaya ya hewa kwa umma ni kazi ya mamlaka, TMA kwa Tanzania, KMD kwa Kenya. We usibuni tahadhari zako. Fanya hivi: mambo ya kuanika na kuanua yatoke kwenye skripti yako na yaandikwe kwa lugha ya yaweza, ila ikitoka tahadhari ya mamlaka, ya upepo mkali au mawimbi au mvua kubwa, ipeleke kama ilivyo na useme imetoka kwao. Taasisi nyingi za hali ya hewa duniani zinatoa tahadhari kwa mfumo wa CAP, muundo wa pamoja wa kuandika tahadhari, ambao ni XML ya kawaida tu, na kuisoma kwa kodi ni kazi ya mchana mmoja. Ukishakuwa na kitu kinachofanya kazi nenda ofisi ya hali ya hewa ya mkoa wako uwaonyeshe, ubebe na daftari la vipimo ambalo nalieleza huko chini.

Meseji yenyewe

Hapa ndo nataka ukae sana, kwasababu kazi nyingi nzuri zinafia hapa. Ukishasema unataka kumfikia kila mtu mwaloni basi ni SMS, sio appu, sio wasap peke yake. Kampuni ya Africa's Talking wana API ya SMS na USSD (zile menyu za kupiga nyota na namba) na wana sehemu ya kujaribia bila kulipa, na kampuni za kutuma meseji kwa wingi zipo pia hapa nyumbani. Mfano wa meseji:

Mwaloni: kesho Jumanne mvua yaweza kunyesha kuanzia saa 9 alasiri. Anika mapema, anua kabla ya saa 8.

Hizo ni herufi 101 ukihesabu na nafasi, meseji moja inabeba 160 kwahiyo unalipia moja. Sasa ona kitu kidogo kinachokula hela za watu bila wao kujua. Herufi 160 ni kwa alfabeti ya GSM-7, ile ya kawaida ya SMS, na Kiswahili chetu bahati nzuri kinaingia chote humo. Lakini ukiandika ng'ambo au ng'ombe kwenye Word au kwenye simu, ile alama ya juu mara nyingi inageuzwa yenyewe kuwa ile iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye GSM-7. Ikiwepo moja tu, meseji nzima inahamia mfumo mwingine ambao unabeba herufi 70, na ukizidi hapo inakatwa vipande vya 67. Meseji ya herufi 101 inakuwa vipande viwili, ya herufi 160 inakuwa vipande vitatu, bei mara tatu kwa ajili ya alama moja. Emoji ni hivyohivyo. Kwahiyo kabla ya kutuma pitisha maandishi kwenye kafunksheni kadogo kanakobadilisha alama zote zilizopinda kuwa zilizonyooka na kukataa kutuma kama kuna herufi ya nje ya GSM-7. Ni mistari mitano ya kodi, na kwa watu 500 kila siku msimu mzima hiyo tofauti ndo inaamua kama huduma inaendelea au inakufa.

Mpangilio wa maneno nao usiuchukulie poa. Anza na mahali, ili mtu ajue inamhusu. Fuata siku kwa jina, sio kesho peke yake, kwasababu meseji inaweza kuchelewa kuingia mtandao ukisumbua na kesho ya jana ikasomwa leo. Alafu kitakachotokea na saa, mwisho cha kufanya. Usiandike asilimia, usiandike milimita. Siku ambayo hamna mvua usitume kitu kama wenyewe hawajaomba, ila waambie mapema kwamba kimya maana yake hatuoni mvua, na uweke kitu cha kukushtua we mwenyewe skripti ikifa, maana kimya cha skripti iliyokufa mtu wa mwaloni atakisoma kama jua.

Pima kama unasema kweli

Hii hatua wengi wanairuka na ndo inayotofautisha msaada na kelele. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka, sio linalopanuka juu, liweke mahali pa wazi mbali na miti na paa, pima kwa rula kina cha maji kila siku saa 3 asubuhi, mwaga, andika. Milimita moja ya maji kwenye kopo ni milimita moja ya mvua, sawa na lita moja kwa kila mita ya mraba. Mwalimu wa shule ya msingi ya karibu na wanafunzi wake wanaweza kabisa kuifanya hiyo kazi na ni somo zuri. Kama una mkono wa elektroniki weka ESP32 (kichipu kidogo cha kuprogramu) na kipima mvua cha kikombe kinachopinduka, ila kopo lisitoke, maana kopo halihitaji betri.

Kila siku inaangukia kwenye sanduku moja kati ya manne: ulisema mvua ikanyesha, ulisema mvua haikunyesha, hukusema ikanyesha, hukusema haikunyesha. Hesabu masanduku hayo baada ya msimu. La pili na la tatu ndo yanaumiza, na yanaumiza tofauti: kwenye la pili mama ameacha kununua ndoo na jua likawaka, amepoteza faida, kwenye la tatu amepoteza mtaji. Kaa nao uwaulize bora lipi lipungue, alafu ndo upandishe au ushushe kiwango chako kwenye kodi. Hilo swali hulijibu we ukiwa Dar, wanajibu wao. Na matokeo wapeni kwa maneno ya kawaida, kwa mfano kati ya mara 10 tulizosema mvua ilinyesha mara 6, watu wanaelewa hilo vizuri kabisa na wanaamini zaidi mtu anayewaambia anapokosea.

Open-Meteo wana pia utabiri wa zamani na hali ya hewa ya nyuma mpaka 1940, kwahiyo kabla hujatuma meseji ya kwanza unaweza kujaribu skripti yako kwa misimu iliyopita ukaona ingefanyaje. Kwa mvua za muda mrefu chukua CHIRPS, inaanza 1981, vijisanduku vya kama kilomita 5, inatokana na picha za setilaiti zilizolinganishwa na vipimo vya vituo. Ukichora masika ya eneo lako kwa miaka yote hiyo, ukawaonyesha wazee, mazungumzo yanayofuata yana faida kuliko ripoti yoyote.

Chora mtaa wako

Kama hupendi mambo ya meseji, ramani ni kazi nyingine yenye uzito huohuo. Dar es Salaam baada ya mafuriko ya Disemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 ilionekana wazi kwamba mitaa mingi inayofurika hata haimo kwenye ramani. 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wakapita kata kwa kata wakichora nyumba, mitaro, makalavati na njia kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya dunia inayochorwa na watu wenyewe, na wenyeji wakawa wanaonyesha maji huwa yanafika wapi. Huwezi kupata hicho kitu cha mwisho kwa setilaiti, kipo kwenye kichwa cha mtu aliyekaa hapo miaka ishirini.

Jinsi ya kuingia: fungua akaunti ya OpenStreetMap, kwenye simu ya Android weka StreetComplete inakuuliza maswali ukiwa unatembea, kwenye laptopu ingia Tasking Manager ya HOT (Humanitarian OpenStreetMap Team) uchague kazi ya eneo unalolijua. Alafu toka nje. Mtaro unaandikwa waterway=drain, kalavati unaongeza tunnel=culvert. Mtaro uliochorwa ukiwa na mwelekeo sahihi wa maji, mtu mwingine anaweza kuuingiza kwenye programu ya ramani ya QGIS akajua ukiziba hapa maji yanaenda nyumba zipi. Nenda na mjumbe au mtu wa serikali ya mtaa, ukionekana peke yako unapiga picha mitaro na nyumba za watu utaulizwa maswali, na wana haki ya kuuliza.

Seva na kodi zako

Vituo vya data duniani 2024 vilikula umeme kama TWh 415 (TWh moja ni uniti bilioni moja), karibu asilimia 1.5 ya umeme wote, na Shirika la Kimataifa la Nishati linatarajia ifike kama 945 kufikia 2030. Ili uone ukubwa wake: Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, hata mitambo yote ikizunguka mwaka mzima bila kupumzika ni TWh 18 na nusu, yani vituo vya data vinahitaji mabwawa kama 22 ya namna hiyo. Kwahiyo sio kitu cha kupuuza, na kwenye hiki we unashika usukani moja kwa moja.

Angalia kwanza seva za kujaribia. Kama timu inafanya kazi saa 50 kwa wiki na seva inawaka saa 168, asilimia 70 ya huo umeme haimtumikii mtu. Weka cron izime usiku na wikiendi, utapunguza na bili, na bosi hatokuuliza mara mbili. Alafu tafuta appu yako inauliza seva mara ngapi. Appu inayouliza kuna jipya kila sekunde 5 inatuma maombi 17,280 kwa siku kwa mtumiaji mmoja, na karibu yote yanajibiwa hamna. Watumiaji elfu moja ni milioni 17 kwa siku, kwa ajili ya kitu ambacho seva ingeweza kumtumia mtu pale tu kinapobadilika. Kule kwenye simu hiyo ni betri na bando la mtu, kwahiyo hata asiyejali tabianchi atakushukuru.

Picha zipunguze kabla hazijapandishwa, simu inapiga picha ya pikseli 4000 alafu inaonyeshwa kwenye kisanduku cha 400, tumia WebP, punguza upana, basi. Kweri zinazozunguka ndani ya lupu ziweke indeksi au uziunganishe. Hayo unayajua.

Mahali pa seva pana mjadala. Wengi wetu tunachagua Johannesburg au Cape Town kwasababu ni Afrika, ila umeme wa Afrika Kusini kwa sehemu kubwa sana unatokana na makaa ya mawe. Kenya karibu asilimia 90 ya umeme ni wa jotoardhi, maji, upepo na jua, na jotoardhi ya Olkaria ndo uti wa mgongo. Stockholm na Paris pia umeme wao una hewa ukaa kidogo. Mi ninavyoshauri, kazi ambayo mtu hasubirii jibu, kama ripoti za usiku, kubana video, kufundisha modeli, ipeleke kwenye umeme safi, Electricity Maps inakuonyesha hali ya kila nchi, na CodeCarbon ukiiweka kwenye Python inakukadiria umetoa kiasi gani. Kinachomgusa mteja moja kwa moja kiache karibu naye, au Nairobi kama unapata nafasi.

Laptopu

Fupi tu: sehemu kubwa ya hewa ukaa ya laptopu na simu inatoka kiwandani wakati wa kuitengeneza, sio kwenye chaja. Kwahiyo kuitunza miaka mitatu zaidi kunashinda mipangilio yote ya kuokoa betri. Badilisha betri, weka SSD, ongeza RAM, fundi wa Kariakoo au Luthuli ya Nairobi anafanya ukiwa umesimama. Windows 10 iliachwa rasmi Oktoba 14, 2025 na mashine nyingi nzima zikaonekana hazifai, weka Linux zinafanya kazi vizuri tu, na kama we huzihitaji kuna shule inazihitaji kwa daftari la mvua nililolisema hapo juu.

Ukitaka iwe kazi yako kabisa

Kuna miradi ya wazi inayohitaji mikono: pvlib ya kukokotoa umeme wa jua, PyPSA-Earth ambayo ilianza kama modeli ya umeme ya Afrika, visomaji vya data vya Electricity Maps, na AirQo pale Makerere wanaopima hewa tangu 2015. Soma maswala yaliyofunguliwa, anza na dogo, kutafsiri maelezo kwa Kiswahili pia ni mchango halali. Na kwa ajira, usitafute neno tabianchi kwenye tangazo. Kampuni inayouza sola kwa malipo ya kidogokidogo, inayofuatilia betri za bodaboda za umeme, au inayouza gesi kwa mita inahitaji programa wa malipo na programa wa data kama kampuni yoyote. Tanzania imejiwekea kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, nyuma ya hilo kuna mifumo mingi sana ya kuandikwa, na kila jiko linalotoka kwenye mkaa ni miti iliyobaki imesimama na mapafu ya mtu yaliyopumzika.

Kabla hujawasha

Turudi kwenye huduma ya meseji maana kuna jambo la mwisho na ndo linaloua nyingi: mwenye nayo kuhama, kuoa, kupata kazi nyingine. Tangu siku ya kwanza mtafute mtu wa pili, ikiwezekana kutoka kwenye kikundi cha wenyewe wa mwaloni, ajue namna ya kuongeza salio la meseji, namna ya kuzima, na namba ya kumpigia. Akaunti ifunguliwe kwa namba ya kikundi, sio ya kwako. Kodi iweke wazi ikiwa na maelezo kwa Kiswahili. Orodha ya namba za watu ni siri yao, isikae kwenye GitHub, isitumike kwa matangazo, na mtu akijibu ACHA atolewe hapohapo na skripti bila kusubiri we uamke. Piga hesabu ya gharama ya msimu mzima kabla ya kuwasha, muwaeleze, mkubaliane nani analipa nini. Alafu anza na watu kumi, sio mia tano, na masika ikianza uwe umeshapita vuli nzima nao.